Zimwi Lililosikia Vikohozi

Kila alasiri Redio alipotoka shuleni, alivua sare, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaingia karakana ya baba yake kuokota vifungo. Baba yake alikuwa fundi magodoro. Kila godoro lilishonwa vifungo juu na chini ili pamba isihamehame, na kila siku vifungo vingine vilimponyoka na kukimbilia chini ya meza. Redio alivifuata huko kwa magoti, mdomo wake ukiendelea kusema bila mapumziko.

Redio halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo mtaani kwa sababu, kama alivyosema jirani mmoja, mtoto yule aliwashwa siku aliyozaliwa na hakuna aliyeona swichi ya kumzima. Mdogo wake wa miaka sita aliitwa Kifungo. Huyo naye alipokuwa bado anatambaa, alikuwa akikutwa kila mara na kifungo cha godoro shavuni, ametulia kama mtu anayemung'unya peremende.

Karakana yao ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele mama alikaa kwenye cherehani akishona mifuko ya magodoro. Chumba cha nyuma baba aliipiga pamba kwa fimbo mbili hadi ikafura, pua na mdomo amevifunga kitambaa, vumbi likitanda hadi darini. Kifungo alikuwa na ugonjwa wa pumu, hivyo chumba cha nyuma kilikuwa mwiko kwake.

"Huku si kwako, baba," fundi alizoea kumwambia akimgeuza mabegani. "Nenda kibarazani kwa dada yako."

Kibarazani kulikuwa na godoro la kuonyeshea wateja, limefunikwa kwa nailoni. Hapo ndipo watoto wa mtaa walipokusanyika saa za jioni jioni. Hawakuja kulala. Walikuja kuogopa.

"Redio, tuogopeshe!" aliomba Mapengo, rafiki yake mkubwa, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yamechelewa kurudi.

Redio hakubembelezwa mara mbili. Alikuwa na zimwi lake mwenyewe alilolitunga, jina lake Sikio Moja. Sikio Moja hakuwa na macho wala pua. Alikuwa na mdomo, na sikio moja tu pana kama sinia, na alitembea juu ya mapaa. Ushahidi haukuhitajika. Mabati yaliyochomwa na jua mchana kutwa yalipoanza kupoa, yalilia yenyewe: ka! Kisha kimya. Kisha tena: ka!

"Hatua hiyo," Redio alinong'ona. "Amefika juu ya duka la vioo. Sasa anainama. Anatega sikio..."

Ka!

Hapo watoto walipiga mayowe, wakakumbatiana, wakajificha nyuma ya migongo ya wenzao, halafu wakacheka hadi machozi. Mapengo aliyepiga kelele kuliko wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kesho yake. Mtu mzima angeuliza raha yake nini. Waulizwe wao; ilikuwa hofu tamu, na kila mmoja alirudi nyumbani amejiona shujaa kwa kuwa ameogopa na hakuliwa.

Siku moja hadithi ilifika pale pazuri, yaani pabaya. Sikio Moja alikuwa juu ya kichwa cha mtoto mtoro, ulimi umening'inia. Watoto walikuwa kimya kama maji ya mtungini. Redio alivuta pumzi ili atamke neno la mwisho, na papo hapo Kifungo akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mara moja. Kilikuwa kikohozi kile chake kirefu, chenye mkia. Mapengo akaangua kicheko, wenzake wakafuata, na zimwi lote likayeyuka. Redio alihisi uso ukiwaka kwa hasira. Siku ya pili Kifungo akakohoa tena, pale pale. Siku ya tatu vile vile.

"Sikilizeni," Redio alisema kwa sauti ya chini, akimtazama mdogo wake peke yake. "Kuna jambo sijawaambia. Sikio Moja hasikii miguu. Hasikii maneno. Hasikii hata vilio. Anasikia kikohozi tu. Anayekohoa ndiye anayemwita."

Hakuna aliyecheka. Kifungo aliyatazama mabati.

"Na mtu akibanwa na kikohozi, dada?"

Redio hakuwahi kukosa jibu. "Azike uso wake kwenye pamba. Sikio lake halipenyi pamba."

Watoto walishusha pumzi kwa mshangao, Mapengo akatikisa kichwa kwa kumsifu, na Redio akavimba kichwa. Tangu siku hiyo hadithi zake zilikwenda bila kukatizwa.

Nyumbani nako kukatulia. "Jamani, mmesikia?" mama alisema asubuhi moja akikunja shuka. "Mtoto hakohoi siku hizi. Hii dawa imemkubali kwelikweli."

Redio aliyekuwa akifunga viatu hakuinua uso. Yeye alikuwa ameona mambo ambayo mama hakuyaona. Alikuwa amemwona Kifungo akisimama ghafla katikati ya mchezo, mdomo ameubana, mabega yanaruka, machozi yanamlenga. Alikuwa amemwona akikimbilia bomba la maji na kugugumia kikombe kizima ili kukisukuma kikohozi chini. Alijua. Lakini alijiambia kuwa ni mchezo tu, utapita. Na tuseme ukweli: ule ukimya ulimpendeza.

Siku ya kwenda zahanati ilipofika, Redio alifuatana nao ili ambebee mama mkoba. Daktari wao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alimketisha Kifungo mezani.

"Haya, bwana mkubwa, kikohozi kinasemaje?"

"Tunashukuru, daktari," mama alijibu kwa furaha. "Siku hizi ni kimya kabisa. Usiku kimya, mchana kimya."

Daktari aliweka kifaa chake kifuani kwa Kifungo, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Akarudia tena mbele. Paji la uso likamkunjamana.

"Mama unanipa habari moja, kifua kinanipa nyingine. Nasikia mluzi humu ndani. Kifungo, mwanangu, niambie mimi. Unakohoa?"

Kifungo alitazama juu. Paa la zahanati lilikuwa la bati. Akatikisa kichwa, hapana.

Maneno yalimjia Redio hadi ncha ya ulimi. Yangetosha maneno machache tu. Lakini aliwaza jinsi mama atakavyogeuka kumtazama, akawaza kibaraza kimepigwa marufuku, Mapengo na wenzake wakihamia kwingine kutafuta raha zao. Akatazama viatu vyake. Mtoto aliyepayuka hata kwa mambo yasiyomhusu, siku ile betri zilimwishia.

"Basi endeleeni na dawa kama kawaida, msipunguze," daktari alisema, bado hajaridhika. "Na mkiona jambo lolote, mleteni hapa papo hapo. Msingoje tarehe."

Njiani mama alitembea akiimba. Redio alibeba mkoba nyuma yao, na mkoba siku ile ulikuwa mzito ingawa haukuongezwa kitu.

Haikupita wiki. Alasiri moja baba alikuwa ametoka na mkokoteni kupeleka godoro kwa mteja. Mama alikuwa chumba cha mbele akimpimia mwanamke mmoja kitambaa. Kibarazani Sikio Moja alikuwa ameshafika paa la tatu, na watoto walikuwa wamebanana katikati ya godoro.

"Mbona leo mdogo wako kakimbia?" Mapengo aliuliza kwa kunong'ona. "Alikuwa hapa. Kaondoka mbio, kajiziba mdomo kwa mikono miwili."

Ka! Bati likalia. Watoto wakapiga mayowe ya furaha.

Redio hakupiga yowe. Alikumbuka maneno yake mwenyewe: *Azike uso wake kwenye pamba.* Aliruka kutoka godoroni, akampita mama, akampita mteja, akausukuma mlango wa nyuma.

Chumba kilikuwa na lundo la pamba lililofika kiunoni. Pembeni mwa lundo zilitokeza nyayo mbili ndogo.

Alizishika akavuta. Kifungo alitoka mweupe kwa pamba toka nywele hadi kope. Mabega yake yalipanda na kushuka, shingo ikibonyea kila alipovuta pumzi, na kifuani mlikuwa na mluzi mwembamba. Midomo ilikuwa imeanza kupoteza rangi.

"Mama!" Redio alipiga ukelele. "Mama, njoo!"

Kifungo aliinua mkono wake dhaifu akamziba dada yake mdomo. Sauti haikumtoka, lakini midomo ilitamka neno lililoonekana wazi: atasikia.

Redio hatalisahau neno hilo. Alimbeba juu juu, akamtoa nje kwenye hewa, akamketisha wima na kumpangusa pamba usoni. Mama alikuwa ameshafika na kibomba cha dawa ya kuvuta, kimechomekwa kwenye chupa yake ya plastiki. Alijua la kufanya.

"Vuta, baba. Taratibu. Toa. Haya, tena."

"Kohoa, Kifungo," Redio alimsihi, machozi yakimchuruzika. "Kohoa tu! Sikio Moja nimemfukuza. Hayupo juu. Kohoa!"

Kifungo alilitazama paa, akamtazama dada yake. Kisha akakohoa, kikohozi kirefu chenye mkia, na Redio hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Mteja alikuwa na gari dogo nje. Hakungoja kuombwa. "Ingieni!" alisema akiutupa mkoba wake kiti cha nyuma, na kitambaa alichopimiwa kikabaki kimeanguka mlangoni.

Zahanati walimvisha Kifungo barakoa iliyotoa dawa kama mvuke. Daktari alisimama kando yake, kidole kwenye mshipa wa mkono wake. Dakika zilikwenda. Mluzi ukapungua. Shingo ikaacha kubonyea. Rangi ya midomo ikarudi polepole. Baba aliingia akihema, jasho tupu, habari amezikuta mtaani.

"Alikuwa wapi?" daktari aliuliza.

"Ndani ya lundo la pamba," mama alijibu. "Sielewi, daktari. Tumemkataza tangu anajifunza kutembea. Mtoto mwenye akili zake anajizikaje kwenye pamba?"

"Ni mimi," Redio alisema.

Wote waligeuka. Alitamani sakafu ipasuke immeze, lakini alisema. Alieleza zimwi, mabati, kikohozi kilichoharibu hadithi, na ile sheria aliyoitunga kwa hasira. Alieleza kikombe cha maji. Na lililokuwa gumu kuliko yote, alieleza kuwa siku ile daktari alipouliza, yeye alijua jibu akalificha.

Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yaani mimi nilikuwa nashukuru ugonjwa!"

Baba aligeuka akamtazama mwanawe kitandani. Redio aliona afadhali angefoka.

Daktari alivua miwani. "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Leo tumeponea chupuchupu, yamefichuka kabla ya kilio. Sikilizeni, na wewe msichana usikilize zaidi. Kwa mtoto wa pumu, kikohozi ni kengele. Kinatuita tuje tuone kinachoendelea kifuani. Ukiiziba kengele, hatari haiondoki, ila wewe ndiye huisikii. Asikatazwe kukohoa tena. Na ile pamba, mlango wake uwekwe kufuli."

"Utawekwa leo," baba alisema.

"Nina njaa," sauti ilitoka ndani ya barakoa.

Mama alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Baba aliketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu aingie, akajifuta uso kwa kitambaa chake cha vumbi. Redio alikwenda kusimama kando ya kitanda cha mdogo wake.

"Nisamehe, Kifungo. Sikio Moja hayupo. Nilimtunga mimi."

"Najua," alisema Kifungo.

"Unajua?"

"Najua hayupo." Alisogeza barakoa kidogo ili asikike vizuri. "Lakini akisikia je?"

Daktari aligeukia dirishani ghafla, mabega yakimcheza. Redio hakujua acheke au alie.

"Basi simsimulii tena. Amekufa. Leo leo amekufa."

Macho ya Kifungo yalijaa machozi. "Usimwue! Mimi nampenda!"

"Mungu wangu, tazama mtoto huyu," mama alisema. "Zimwi limemlaza zahanati, bado analililia!"

Jioni ile waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Kifungo akiwa amelala usingizi mwanana na kufuli jipya likining'inia mlangoni, baba alimwita Redio kwenye meza ya kazi. Mbele yake palikuwa na godoro lililoshonwa vibaya. Vifungo vya upande mmoja vilikuwa vimekwenda mshazari. Alikuwa akilifumua kwa kisu kidogo, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Shika hapa," alimwambia, na Redio akashika. Walifumua vifungo kadhaa. Kisha baba akanyoosha mkono na kumtekenya ubavuni.

Redio aliruka akicheka kabla hajakumbuka kuwa ana huzuni.

"Mbona unacheka?"

"Umenitekenya, baba!"

"Angekutekenya mtu usiyemjua, ungecheka?"

"Hapana! Ningekimbia."

"Na mimi nikikutekenya bila kukoma, umeshasema basi na mimi sisikii, hadi pumzi zikuishie?"

Redio alifikiri. "Huo si mchezo tena."

"Ndivyo ilivyo hofu ya hadithi. Watu wanaipenda, hata mimi nikiwa kama wewe niliipenda, kwa sababu wanajua mkono ni wa nani na wanajua wanaweza kusema basi. Wewe ulimtekenya mdogo wako ukamfungia na mlango. Ulimtungia zimwi ambalo haliwezi kukwepwa na mtu mwenye pumu. Halafu ulipomwona anataabika, ukanyamaza. Kosa la kwanza ni la hasira, mtu anaweza kulisamehe upesi. La kunyamaza ndilo lililotaka kutumaliza."

"Najua, baba." Redio alivuta uzi mwingine. "Sitasimulia tena."

"Nimesema hivyo?" Baba aliinua godoro lililofumuliwa. "Fundi akikosea godoro halitupi. Analifumua, analishona upya. Kesho utalifumua zimwi lako mbele ya wale wote uliowashonea."

Kesho yake kibaraza kilijaa kuliko siku zote, maana habari za zahanati zilikuwa zimezunguka mtaa mzima. Kifungo aliketi mbele kabisa, kibomba chake kimening'inizwa shingoni. Redio alisimama. Kwa mara ya kwanza maishani alipata shida ya kuanza.

"Ile sheria ya kikohozi niliitunga kwa ubaya," alisema. "Mdogo wangu alikuwa ananiharibia hadithi, nikataka anyamaze. Akanyamaza, karibu anyamaze moja kwa moja. Nilikosa. Hakuna zimwi linalomfuata mtu anayekohoa, na pamba si mahali pa kuzika uso."

Mapengo alikuna kichwa. "Kwa hiyo Sikio Moja ndiyo basi?"

Redio alimtazama Kifungo, na Kifungo akamtazama kwa macho ya kusihi.

"Sikio Moja mnamjua nusu tu," Redio alisema, na sauti yake ya kale ikaanza kurudi. "Nani aliwaambia kwamba anapenda vikohozi? Sikio lake ni pana mno na ni laini mno. Kikohozi kwake ni sawa na ngoma kupigwa ndani ya kichwa. Akikisikia, anashika sikio, anaruka mapaa saba, analia akimwita mama yake. Ndiyo maana anatembea kwa kunyata. Anaomba asikutane na mtu mwenye kifua. Na leo amechelewa kurudi. Yuko juu ya duka la vioo. Anainama..."

Ka!

Watoto walipiga yowe moja, na kabla yowe halijaisha kikohozi kikapasuka kutoka mbele. Kilikuwa cha Kifungo, tena cha kusudi, amefumba macho na kujaza mashavu. Mapengo akafuata kwa kikohozi kilichopitia kwenye pengo. Kibaraza kizima kikakohoa. Mpita njia mmoja alivuka barabara haraka akijiziba pua.

"Amekimbia!" Kifungo alipiga makofi. "Nimemkimbiza mimi!"

Ndani, mama alisimamisha cherehani akasikiliza. Alisikia vikohozi vya uongo vingi, na katikati yake kimoja kidogo cha kweli. Alitoka, akamtazama mwanawe, akaridhika, akarudi kushona. Kikohozi hicho ndicho alichokuwa amekikosa kwa siku nyingi bila kujua.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, sindano yake ndefu mkononi. "Watoto, nisikilizeni kidogo. Ogopeshaneni mnavyotaka, ni raha yenu. Lakini mwachieni kila mtu mlango wa kutokea, hasa aliye mdogo au mgonjwa. Na ukimwona mwenzako ameshindwa kuupata mlango huo, iache hadithi hapo hapo, hata kama imefika patamu, useme kweli kwa mkubwa. Kweli ikichelewa..."

"Baba," Kifungo alimkatiza, amekwisha kujisogeza kwenye mapaja ya dada yake, "nyamaza kidogo. Anarudi."